Kukimbia Huku Unanyonyesha: Mwongozo Kamili kwa Mama Aliyejifungua Karibuni

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, nilirudi barabarani wiki ya sita, alfajiri, bila kula chochote, nikiwa nimevaa sidiria ya michezo ya kabla ya ujauzito iliyonibana mpaka pumzi zikawa fupi. Baada ya siku tisa titi la kushoto lilikuwa gumu kama embe bichi, homa imepanda, na mtoto analia kwa sababu maziwa ya upande ule hayatoki vizuri. Nyumbani kila mtu alisema mbio ndizo zilizoharibu maziwa, nami niliamini nikaacha. Kwa mtoto wa pili nilikimbia na kunyonyesha kwa mwaka mmoja na nusu hapa hapa Dar es Salaam, titi halikuvimba hata mara moja, na sikukimbia kidogo kuliko mara ya kwanza. Kilichobadilika ni mambo yanayozizunguka mbio: muda niliousubiri, chakula, nguo, na mpangilio wa saa za kunyonyesha.

Mbio za kawaida hazikaushi maziwa. Maziwa hupunguzwa na njaa, na uchovu uliopita kiasi, na zaidi ya yote na titi linaloachwa limejaa kwa saa nyingi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 uliwafuatilia kina mama waliokuwa wakinyonyesha bila kuongeza chakula kingine kwa mtoto, ambao walianza mazoezi kati ya wiki ya 6 na ya 8 baada ya kujifungua, wakafanya dakika 45 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 12. Wingi wa maziwa yao, virutubisho vilivyomo na ongezeko la uzito wa watoto wao havikutofautiana na vya kina mama waliokaa bila mazoezi. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zinalenga kumwezesha mama kukimbia bila kuingia katika mambo hayo matatu yanayopunguza maziwa kweli.

Hatua ya kwanza: Subiri wiki 12, lakini usikae bure

Wazee wetu waliweka arobaini, na arobaini ina maana yake, kwa kuwa huo ndio muda ambao mji wa mimba hurudi katika ukubwa wake wa kawaida na kidonda cha nje hufunga. Hata hivyo, kukandwa ukamaliza arobaini si ruhusa ya kukimbia. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) wa Uingereza unashauri mama asianze mbio kabla ya miezi 3, hata kama alijifungua kwa njia ya kawaida bila kuchanika, kwa sababu misuli ya chini ya nyonga, ile inayobeba kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa, huwa bado haijarudisha nguvu zake. Kila hatua ya mbio huishushia misuli hiyo mzigo ulio mkubwa mara mbili au zaidi kuliko uzito wa mwili. Aliyejifungua kwa upasuaji naye asihesabu kwamba amenusurika, kwa maana misuli hiyo ilibeba mimba miezi tisa kama ya mwingine yeyote, na juu yake ana kidonda cha tumbo na cha mji wa mimba ambavyo hupona kwa ndani taratibu kuliko ngozi inavyoonyesha.

Kwa mama aliyeajiriwa Tanzania kuna jambo la kuliangalia mapema: likizo ya uzazi ya siku 84 ni wiki 12 kamili, na ukiianza siku ya kujifungua, maana yake ni kwamba wiki ambayo mwili unaruhusiwa kuanza kukimbia ndiyo wiki ile ile ya kurudi kazini. Mambo mawili mapya katika wiki moja humchosha mama na kumvuruga mtoto. Ninashauri kazi itangulie, kisha mbio zifuate baada ya wiki mbili au tatu, ratiba mpya ya kunyonyesha ikiwa imetulia.

Katika wiki hizo za kungoja, kazi iliyopo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kutembea: anza na dakika kumi kuzunguka mtaa, uongeze kidogo kidogo hadi ufikie dakika 30 za mwendo wa haraka bila maumivu. Ya pili ni kukaza misuli ya chini ya nyonga. Jifanye kama unazuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja, vuta misuli kwenda juu, shikilia huku ukiendelea kupumua, kisha uachie kabisa. Lenga kufikia sekunde 10 kila unapokaza, mara 10, halafu ongeza mikazo 10 ya haraka, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Kuachia kabisa ni nusu ya zoezi, na wengi hulisahau. Mimi niliambatanisha zoezi hili na kunyonyesha: mtoto akishika titi, nami naanza kukaza, na kwa kuwa mtoto mchanga hanyonyi chini ya mara nane kwa siku, sikuwahi kukosa nafasi.

Hatua ya pili: Jipime kabla ya kuvaa raba

Wiki 12 zikitimia, usiulize kalenda peke yake. Uulize na mwili, kwa kufanya majaribio haya nyumbani juu ya sakafu ngumu: tembea dakika 30, simama kwa mguu mmoja sekunde 10 kila upande, chuchumaa nusu kwa mguu mmoja mara 10, kimbia mahali pamoja kwa dakika moja, kisha rukaruka kwa mguu mmoja mara 10. Kibofu kisiwe kimejaa wala kisiwe kimetoka kumwagwa muda huo huo, maana ukijipima kibofu kikiwa kitupu utajidanganya.

Ukivujisha mkojo, ukihisi uzito au kitu kinachoshuka ukeni, ukisikia maumivu ya nyonga au ya kidonda, au damu ikianza kutoka upya, bado. Rudi kwenye kutembea na kukaza kwa wiki mbili kisha ujipime tena, na hali ikiwa vile vile mwone mtaalamu wa fiziotherapia au daktari wa wanawake. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kina mama wengi wamezoea kuambiwa kwamba kuvujisha mkojo baada ya kuzaa ni jambo la kawaida la kuvumilia, wakaanza kukimbia na kitambaa ndani ya nguo. Hutokea kwa wengi, ni kweli, lakini linatibika.

Tazama pia tumbo. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, na upitishe vidole katikati ya tumbo juu na chini ya kitovu. Ukiona vidole zaidi ya viwili vinaingia kwa upana kati ya misuli miwili, au katikati panachomoza kama ukingo, misuli ya tumbo bado imeachana na inahitaji mazoezi ya kuirudisha kabla ya mbio.

Hatua ya tatu: Kula kwa ajili ya kazi mbili

Hapa ndipo wengi huharibu, na mara nyingi ni kwa sababu ya tamaa ya kupunguza mwili upesi. Mama anayenyonyesha bila kumwongezea mtoto chakula kingine hutengeneza takriban mililita 750 za maziwa kwa siku, na kazi hiyo humtaka aongeze kati ya kalori 330 na 500 juu ya chakula chake cha kawaida. Ukiwa na kilo 65 na ukakimbia kilomita 5, unatumia kalori nyingine zinazokaribia 325. Ukizijumlisha, ni sawa na mlo mzima ambao mwili unaudai kila siku ya mbio, na usipoulipa utaanza kuona umechoka mno na mtoto anadai titi kila wakati bila kutosheka.

Kabla ya kutoka alfajiri, kula kitu kidogo kinachopita upesi: ndizi mbivu moja, au tende tatu, au kipande cha kiazi kitamu kilichobaki jana. Ukirudi, ndani ya saa moja, kula mlo wenye wanga na protini kwa pamoja. Kikombe kikubwa cha uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, pamoja na mayai mawili, kilinifaa kuliko kitu chochote. Mtori wa kwao Wachaga, ambao mzazi hupewa siku za mwanzo, ni chakula kizuri cha mkimbiaji pia, kwa kuwa una ndizi za kutia nguvu na nyama ya kujenga misuli ndani ya bakuli moja. Usiuache eti kwa sababu arobaini imepita.

Mifupa inahitaji uangalizi wake. Katika miezi ya kunyonyesha, mwili wa mama huchota kalisi kwenye mifupa yake, na uzito wa mifupa ya mgongo na nyonga hupungua kwa asilimia 3 hadi 5, kisha hurudi mtoto anapoachishwa ziwa. Kipindi hicho mfupa ukigongwa na kilomita nyingi kwa ghafla unaweza kupata ufa. Dagaa wanaoliwa mzima na mifupa yao, maziwa, mtindi na mboga za majani visikose mezani. Chuma nacho hupungua kwa damu iliyotoka wakati wa kujifungua, kwa hiyo omba kupimwa wingi wa damu unapompeleka mtoto kliniki, na chai ya rangi iwekwe mbali na mlo, saa moja hivi, kwa kuwa huzuia chuma kufyonzwa. Ndimu au chungwa juu ya maharage au mchicha husaidia.

Kuna hatari moja iliyojificha. Mkimbiaji wa kike asiyekula vya kutosha kwa kawaida hutahadharishwa na hedhi inayokatika. Mama anayenyonyesha hana kengele hiyo, kwa sababu kunyonyesha kwenyewe huchelewesha hedhi. Itabidi usome dalili nyingine: nywele kukatika kupita kiasi, kuumwaumwa mafua kila mara, hasira za karibu, usingizi usiokuja hata mtoto akiwa amelala, na uzito unaoshuka zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Ukiona mawili kati ya hayo, punguza kilomita na uongeze chakula kabla ya kufanya kitu kingine.

Kuhusu maji, kunywa kwa kufuata kiu, na uweke chupa mahali unaponyonyeshea, maana kiu huja mara tu mtoto anapoanza kuvuta. Mkojo ukiwa na rangi nzito, umechelewa. Kujilazimisha lita nyingi hakuongezi maziwa.

Hatua ya nne: Sidiria

Nunua sidiria baada ya maziwa kutulia, na ujipime ukiwa umejaa, si baada ya kunyonyesha, kwa kuwa tofauti ya titi lililojaa na lililonyonywa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Itake yenye mikanda mipana, isiyo na waya, inayofunguka kwa mbele kwa zipu au vishikizo ili usilazimike kuivua kichwani mtoto akiwa analia. Ikibana mpaka ikaacha mistari mirefu kwenye ngozi, hiyo ndiyo itakayoziba mirija. Sidiria za mitumba zipo nzuri na kwa bei ya kufaa, lakini uivute mikanda yake kwa mikono miwili kabla ya kulipa: isiporudi upesi, mpira wake umekwisha. Tia pedi za kunyonya maziwa ndani, za dukani au za kitambaa cha pamba, na ukimaliza mbio uivue mara moja. Titi halipaswi kukaa limebanwa na jasho hadi saa nne asubuhi.

Hatua ya tano: Nyonyesha, kimbia, nyonyesha

Hii ndiyo nguzo ya mpango mzima, kwa hiyo nitaieleza kama ilivyokuwa kwangu. Saa kumi na moja kasorobo mtoto huamka mwenyewe. Ninamnyonyesha titi la kulia mpaka aliachie, namcheulisha, kisha namwekea la kushoto hata kama anasinzia. Kama la kushoto halikuisha, nalikamua kwa mkono kwa dakika tano ndani ya kikombe chenye mfuniko. Saa kumi na moja u nusu matiti yote mawili ni laini, ndizi imekwisha liwa, na baba yake amekwisha pokea zamu. Natoka nyumbani wakati barabara bado ina baridi ya usiku, nafuata njia ya kuelekea Coco Beach, na saa kumi na mbili na robo nimerudi mlangoni. Mtoto kwa kawaida hudai tena saa moja, na kati ya hapo nina nafasi ya kuoga, kunywa uji na kuketi.

Mambo matatu yamo ndani ya mpangilio huo. Titi tupu halichezi sana, kwa hiyo haliumi. Muda kati ya kunyonya na kunyonya hautanuki, kwa hiyo mwili haupati taarifa kwamba maziwa yanahitajika kidogo. Na mama hakimbii huku akiangalia saa kwa hofu. Mtoto asipoamka saa yake, mwamshe au kamua. Usitoke na titi lililojaa kwa kusema utarudi upesi.

Usishangae maziwa yakitoka yenyewe njiani. Asubuhi moja nilipita kituo cha daladala ambapo mama mmoja alikuwa amebeba mtoto anayelia, na kabla sijafika nguzo iliyofuata fulana ilikuwa imelowa pande zote mbili. Mwili husikia kilio cha mtoto yeyote. Bonyeza chuchu kwa kiganja juu ya nguo kwa sekunde kadhaa na maziwa yatasimama; fulana nyeusi au yenye maua huficha mengine.

Usikimbie na mtoto mgongoni kwa mbeleko wala kifuani, hata taratibu, hata karibu. Shingo yake haijakomaa kwa mtikisiko huo, na ukianguka hana kinga. Vigari vya kusukuma vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbio navyo vingoje mpaka mtoto atimize angalau miezi 6 na aweze kukaa mwenyewe imara, na vinahitaji njia tambarare.

Hatua ya sita: Wiki nane za mwanzo

Kimbia mara tatu kwa wiki, siku zisizofuatana. Wiki mbili za kwanza, tembea dakika 4 na ukimbie dakika 1, mara tano. Wiki ya tatu na ya nne, tembea 3 na ukimbie 2. Wiki ya tano na ya sita, tembea 1 na ukimbie 4. Wiki ya saba na ya nane, jaribu dakika 20 mfululizo za mchakamchaka wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Mbio za kasi na vilima zingoje baada ya hapo, na usiongeze umbali na kasi kwa wiki moja. Usiku ambao mtoto ameamka mara tano, asubuhi yake lala. Siku moja ya kukosa mbio haitakurudisha nyuma, ila wiki ya uchovu itapunguza maziwa.

Anayeona mwendo huu ni wa kobe amkumbuke Faith Kipyegon wa Kenya. Alijifungua Juni 2018, akapata medali ya fedha ya mita 1500 katika mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019, na dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Bingwa ambaye mbio ndiyo kazi yake hakuwa kileleni tena kabla ya mtoto kutimiza mwaka.

Kuhusu “maziwa ya moto”

Mama mkwe wangu aliniona nimeingia na jasho, nikanyoosha mikono kumpokea mtoto, akasema, “Mwanangu, hayo maziwa ya moto. Kamua kwanza umwage.” Imani hii imeenea sana na haifai kujibiwa kwa dharau. Maziwa ndani ya titi huwa na joto la mwili wakati wote na hayachachi kwa jua wala kwa mbio. Ni kweli kwamba utafiti mmoja wa miaka ya 1990 uliona watoto wakikunja uso kwa maziwa yaliyokamuliwa baada ya mama kukimbia kwa nguvu zake zote, lakini tafiti zilizofuata, kwa mazoezi ya kawaida, ziliona watoto wananyonya kama siku zote. Kinachomkera mtoto mara nyingi ni chumvi ya jasho kwenye chuchu. Nilimjibu, “Nimesikia, mama,” nikaenda kuoga, nikanywa maji, nikapumzika robo saa, kisha nikanyonyesha bila kumwaga tone. Yeye aliridhika kwa sababu nilipoa, na mimi sikupoteza maziwa.

Kipimo cha kweli hakiko kwenye maneno ya mtu yeyote. Kiko kwenye pampasi sita au zaidi zilizolowa kwa siku na kwenye mstari unaopanda wa kadi ya kliniki. Mstari ukilala, punguza mbio, nyonyesha mara nyingi zaidi na umwone muuguzi.

Titi likianza kugoma

Fungu gumu lenye maumivu halingojei kesho. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo tumia kiganja: linganisha joto la titi moja na la pili. Endelea kumnyonyesha mtoto kama kawaida, weka kitambaa cha baridi baada ya kunyonya, vaa sidiria iliyolegea, na usilikande kwa nguvu, maana kukandamiza huongeza uvimbe. Ukiwa na homa usikimbie kabisa. Hali isipopungua ndani ya saa 24, au homa ikizidi, nenda kituo cha afya, kwa sababu huenda ukahitaji dawa, na daktari mwambie kwamba unanyonyesha.

Kazini, na siku ya mashindano

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama wa Tanzania hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto. Zidai, hata kama utazitumia kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama saa 4 mahali penye nyuzi joto zisizozidi 25, na kwa kuwa Dar es Salaam huvuka kiwango hicho karibu mwaka mzima, yaweke kwenye friji mara moja, ambako hukaa siku 4, au kwenye kikasha chenye barafu.

Ukitaka kushindana, chagua mbio fupi kwanza. Jasmin Paris wa Uingereza alishinda mbio za Spine Januari 2019, kilomita zaidi ya 400, huku akikamua maziwa vituoni kwa ajili ya binti yake wa miezi 14, na hilo linaonyesha linalowezekana kwa mtu mwenye miaka ya maandalizi. Kwako kilomita 5 zinatosha kujifunza utaratibu. Nilipokwenda Moshi kwa Kilimanjaro Marathon, mtoto akiwa na miezi 13, nilikimbia nusu marathoni baada ya kufanya jaribio la umbali wa karibu na huo mara mbili nyumbani. Usiku niliandaa kikombe cha kukamulia, fulana kavu, kanga mbili, kitambaa cha maji na tende. Nilinyonyesha dakika arobaini kabla ya kuanza, nikakubaliana na dada yangu mahali pa kukutana penye kivuli mbali na spika za muziki, na nikamwachia maziwa ya kikombe endapo mlima wa kuelekea Mweka ungenichelewesha. Ulinichelewesha. Nilipofika alikuwa amekwisha mpa nusu kikombe, nikafuta kifua kwa kitambaa cha maji, nikaketi juu ya kanga, na mtoto akashika titi la kushoto, lile lile lililovimba nilipomnyonyesha dada yake mkubwa.